Kura Tatu za Gemu Moja



Nimechagua kuzungumzia kura zisizompa mtu kiti wala posho. Ni kura za jemu, yale mashindano ya mtandaoni ambamo washiriki hutangaziwa mada, hupewa saa chache za kutengeneza gemu ya kompyuta, kisha hupeana nyota wao kwa wao. Ludum Dare, iliyoanza mwaka 2002, ni miongoni mwa jemu kongwe. Kwa desturi yake, anayeshindana peke yake hupewa saa 48, na wenye timu 72. Mshindi hapati zawadi, hubaki na gemu yake tu. Hata hivyo watu huzigombania nyota hizo kama warithi wanavyogombania shamba.

Wana sababu. Wastani mtupu ni mwongo. Gemu iliyochezwa na marafiki wanne, kila mmoja akaipa nyota tano, itaishinda gemu iliyochezwa na wageni 25 ikapata wastani wa 3.8. Tovuti ya itch.io, inayoendesha jemu nyingi, ina dawa yake. Gemu zote hupangwa kwa wingi wa kura, ikaangaliwa ile ya katikati ina kura ngapi. Iliyofikia idadi hiyo haiguswi. Iliyopungukiwa, kura zake hugawanywa kwa idadi ile, jibu likatafutiwa kipeuo cha pili, na wastani wake ukazidishwa kwa kipeuo hicho.

Shikeni kalamu. Tuseme idadi ya katikati ni 25. Gemu ya marafiki wanne: 4 gawanya kwa 25, kipeuo chake ni 0.4, na nyota tano zinabaki mbili. Nyingine yenye kura 16 na wastani wa 4.5 inashuka hadi 3.6, nayo inapitwa na ile ya 3.8.

Naipenda hesabu hii, sifichi. Ni fupi, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikagua. Lakini imeuhesabu uchache wa kura kuwa kosa la gemu. Wale wanne ni mimi niliyewaita marafiki. Je, kama walikuwa wageni wanne walioangukia gemu nzuri ambayo wengine hawakuiona?

Kutoonekana ni jambo rahisi mno. GMTK Game Jam ya mwaka 2020 ilipokea gemu zaidi ya 5,000. Hakuna binadamu wa kuzicheza zote. Wanafunzi wangu wawili waliwahi kuingiza gemu yao katika jemu moja ikiwa faili la kupakua, wakati wenzao waliweka za kuchezwa papo hapo kwenye kivinjari. Nani atapakua faili la mtu asiyemjua, aje apate kirusi? Tulikuwa tukifungua ukurasa kila asubuhi. Siku ya tatu ilikuwa na kura tatu. Siku ya mwisho, tatu zilezile.

Ludum Dare imeugusa mzizi huu. Anayepiga kura ni yule aliyewasilisha gemu, na gemu isiyofikisha takriban kura 20 haipangiwi nafasi. Kisha kadiri unavyocheza na kupima za wenzako, ndivyo yako inavyosogezwa mbele ya macho ya watu; ikishashiba kura, inarudi nyuma. Uonekano unalipwa kwa jasho. Utaratibu huu una uchafu wake: watu huambizana “cheza yangu nicheze yako”, wengine hupitia gemu arobaini jioni moja, dakika mbili kila moja, na mwenye bando la kuhesabu huachwa nyuma. Global Game Jam, tangu 2009, haitangazi mshindi wa dunia kabisa. Nawaheshimu, ila huko ni kulikimbia swali.

Mimi ningeweka zamu. Kila mshiriki apangiwe kwa bahati nasibu gemu kumi kati ya zile zenye kura chache, na asipozimaliza, yake isipangiwe nafasi. Kipeuo cha pili kibaki, ila kitakuwa na kazi ndogo.

Hadi hapo waandaaji watakapokubali, nina ombi kwenu mnaoshiriki jemu: pangeni orodha kwa idadi ya kura, halafu anzeni kucheza kutoka mwisho.