Ngoma Ianzie Miguuni
(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Temeke)



Nimeombwa niseme machache juu ya ombi la kikundi cha ngoma cha shule. Wanaomba tuwachangie sare na spika ya kupigia ngoma zilizorekodiwa. Kuchanga nakubali. Lakini naomba fedha ziende kwanza kwa mzee mpiga ngoma atakayekuja kufundisha, halafu zinunue ngoma zenyewe. Sare zingoje.

Asubuhi tumewaona vijana wakicheza bugobogobo, mganda, mdundiko na sindimba, zote katika safu zilezile nne zilizomkabili mgeni rasmi. Walijitahidi sana. Ila mpangilio wa wachezaji hauwekwi kwa ajili ya kupendeza tu. Una asili yake.

Bugobogobo ya Wasukuma imetoka katika kilimo cha pamoja, ndiyo maana majembe yamo mikononi. Hapo safu ni halali kabisa, maana wakulima husimama bega kwa bega. Mganda nao unataka safu, tena zilizonyooka. Ni ndugu wa beni, na beni iliiga gwaride na bendi za askari wa wakoloni. Hapa Dar es Salaam, baada ya vita ya 1914–1918, Marini na Arinoti walishindana vikali, kila upande na mavazi yake na vyeo vyake vya kijeshi. Mchezaji wa mganda aliyelegeza mabega bado hajauanza.

Mdundiko wa Wazaramo, wenyeji wa eneo letu hili, ni mambo mengine. Mdundiko hutembea. Ngoma huning'inizwa begani, mwali anatolewa, watu wanafuata mtaa hadi mtaa. (Wazazi wa mji huu wanajua habari za mtoto aliyefuata mdundiko akatafutwa mpaka usiku.) Hatua yake ni fupi, unyayo hauinuki sana, kiuno kinafanya kazi huku miguu ikisonga mbele. Ukiusimamisha jukwaani, hatua hiyo haina pa kwenda. Leo vijana walikuwa wakikanyaga palepale kama watu wanaongoja daladala la Mbagala.

Katika sindimba ya Wamakonde, anzeni na magoti. Yakunjwe, uzito ushuke, unyayo wote uguse ardhi. Kitambaa hufungwa kiunoni ili mtikisiko uonekane. Wengi wenu mlisimama wima mkakilazimisha kiuno peke yake, na mchezo wa namna hiyo ndio unaowafanya watu wazima watazame pembeni na kusema sindimba ni matusi. Mimi naona walionyimwa ni magoti.

Sasa, hayo nani atawafundisha? Mpiga ngoma ndiye anayemwona mchezaji amechoka, akabadili mapigo, akamwita mwingine katikati. Spika haimwoni mtu.

Desemba 1962, akilihutubia Bunge, Mwalimu Nyerere aliuliza ni wangapi kati yetu waliojua gombesugu, kiduo au lelemama, ilhali rumba na chachacha tulizijua. Alianzisha wizara ya utamaduni, kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa. Kazi kubwa ilifanyika. Lakini vikundi vya jukwaani ndivyo pia vilivyotuzoesha kuona kila ngoma imemgeukia mtazamaji, na shule zikaiga. Wazee wanaozijua ngoma hizi zilivyochezwa uwanjani na njiani bado wapo Temeke na Kinondoni. Kila mwaka tunakwenda kuwazika, na hakuna aliyekaa nao.

Napendekeza mzee mmoja aje Jumamosi mbili kila mwezi, alipwe nauli na posho, kama sisi watumishi tunavyolipwa tukienda semina, tena bila kumzungusha na fomu. Mwalimu Mkuu naye aturuhusu kuutoa mdundiko getini, upite nyuma ya bweni, uishie uwanja wa mpira. Mwaka ujao mgeni rasmi asiwekewe kiti. Tumwambie mapema avae viatu vya kutembelea.