MAZUNGUMZO: WAJIBU WA ANAYEJIBU SWALI LA MNUNUZI

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja, nayo yanatolewa hapa kwa manufaa ya wote.




Biashara ya kuagiza vitu kwa njia ya intaneti imekwisha kuingia visiwani kwetu. Mnunuzi wa dukani hukishika kitu, hukigeuza na humwuliza mwenye duka. Wa mtandaoni hana ila picha, bei na nafasi ya kuuliza. Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi, kwani kitu kikishavuka bahari, gharama ya kukirejesha huenda ikapindukia thamani yake.

Chukueni mfano wa blenda iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Umeme wa huko ni volti 120. Wetu ni volti 230. Mnunuzi huuliza iwapo itafaa kwa umeme wa kwetu. Mmoja humjibu: "Sijui, niliinunua iwe zawadi." Wa pili: "Ni nzuri, ilifika mapema." Majibu mawili, wala hapana neno hata moja juu ya volti. Akiagiza kwa kubahatisha, huenda ikaungua siku ya kwanza.

Inafaa ieleweke kwamba wenye kujibu hivyo aghalabu hawafanyi dhihaka. Kampuni ya Amazon, iliyofungua duka lake la intaneti mwaka 1995, kwa miaka mingi iliwapelekea barua pepe watu waliokwisha kununua kitu, ikiwaomba wamsaidie mwenye swali. Mpokeaji, akidhani ameulizwa yeye peke yake, huona kunyamaza ni utovu wa adabu. Kumbe swali limepelekwa kwa wengi, na jawabu lake hubaki hadharani.

Kutojua si kosa. Kosa ni kuijaza nafasi ya jawabu kwa kisichokuwa jawabu. Tena madhara hayaishii hapo. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilianzisha msaidizi wa kompyuta aitwaye Rufus, aliyefundishwa, pamoja na mengineyo, kwa maswali na majibu ya wanunuzi. Hivyo basi, neno la ovyo la jana laweza kuwa funzo la mashine ya leo.

Kwa hivyo, nawaomba:

(a) Anayeuliza aulize jambo moja, kwa maneno mahsusi.
(b) Anayejibu atazame kwanza kibandiko cha kitu chenyewe, aandike alichokisoma.
(c) Asiyejua aliache swali kwa anayejua.

Nanyi watumishi wenzangu, mtu anayesimama mbele ya meza ya ofisi ana haki hiyo hiyo. Ila sisi hatuna ruhusa ya kunyamaza: tusipojua, ni wajibu wetu kumwelekeza kwa anayejua.