Kuchimba kwa Maji



Sisi tuchimbao kando ya reli twaijua hatari ya sururu: pigo moja hupasua waya wa umeme uliofukiwa, na mtu hufa. Siku hizi iko mashine ichimbayo kwa maji ya nguvu, na bomba nene huvuta tope. Mdomo utoao maji huzunguka, ili yasipige mahali pamoja na kukata mpira wa waya.

Lakini tusidanganyike. Maji hayo hupenya nyama ya mtu. Kidonda kidogo kama tundu la sindano chataka hospitali upesi. Basi tusiishike mashine hiyo kabla ya kufundishwa, kupewa buti na glavu, na umeme kuzimwa. Tuyadai haya kwa umoja.