Askari wa Shambani
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa niseme juu ya wadudu waharibuo mazao yetu, na namna ya kupigana nao pasipo kujidhuru wenyewe. Jambo hili lagusa mfuko wa kila mmoja wetu, maana fedha tunazonunulia dawa ndizo zile zile za karo za watoto.

Wengi husema ya kuwa dawa ya moto ni moto, na kwamba sumu kali ndiyo bora. Hata mimi niliamini hivyo. Mwaka mmoja niliinyunyizia mibuni yangu yote, mizima na migonjwa, nikafurahi kuona wadudu wameanguka. Msimu uliofuata walirudi wengi kuliko kwanza. Nilikuwa nimewaua adui zangu pamoja na askari wangu.

Askari hao ni akina nani? Ni yule mdudu mdogo wa duara, mwenye gamba jekundu na madoa meusi, alaye vidukari yeye na watoto wake. Ni buibui. Tena ni nyigu wadogo mno, watagao mayai yao ndani ya miili ya wadudu waharibifu. Mara nyingi adui huzaana upesi kuliko askari, na askari hawezi kurudi mpaka kwanza apate windo. Basi sumu ikiwaua wote wawili, adui ndiye hutangulia kurudi, naye hukuta shamba halina mlinzi.

Wazee wetu, nchi yetu imekwisha kujifunza somo hili. Katika miaka ya 1920 wadudu weupe, wenye kitu kama unga mwilini, waliishambulia kahawa ya Kenya upande wa mashariki wa Bonde la Ufa. Waliingia hata katika mbaazi na viazi vikuu. Wataalamu walidhani ni mdudu wa Asia, wakawatafuta adui zake huko mbali, na kazi yao ikawa bure. Mwaka 1935 mtaalamu Le Pelley alionyesha ya kuwa huyu ni mdudu wa namna yake mwenyewe. Baadaye ikajulikana ya kuwa yuko Uganda pia, na huko hasumbui sana, kwa sababu nyigu wadogo humzuia. Mwaka 1938 nyigu hao waliletwa Kenya, wakafunguliwa mashambani, na katika miaka iliyofuata adui akashindwa.

Lakini nyigu hawakufanya kazi peke yao. Sisimizi hupenda maji matamu yatokayo kwa wadudu hao weupe, nao huwalinda kwa kuwafukuza nyigu. Kwa hiyo wakulima waliuzungushia mti ukanda wa kitu cha kunata, na baadaye ukanda wa dawa, ili sisimizi wasipande. Dawa ilikaa shinani tu. Majani hayakuguswa, na nyigu wakasalimika. Dawa moja iliyotumiwa hivyo, dieldrin, imo katika orodha ya sumu zilizokatazwa na mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Stockholm mwaka 2001, wala haifai kurudiwa. Lakini hekima ya kuiweka dawa mahali pake tu ingali hai.

Kinyume chake, dawa kali ziliponyunyizwa mara kwa mara juu ya majani baada ya Vita Vikuu vya Pili, viwavi waliokuwa wachache hapo kwanza waligeuka kuwa msiba katika mashamba ya kahawa.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutazame kabla ya kununua. Tugeuze majani, tuhesabu adui na askari. Wadudu wachache si vita. Pili, tupogoe matawi yagusayo ardhi, kwa maana ndiyo madaraja ya sisimizi. Tatu, ikilazimu kunyunyiza, tunyunyize miti iliyoshambuliwa tu. Nne, tuchague dawa za upole. Mafuta ya mwarobaini huwadhuru zaidi wadudu walao mmea wenyewe. Iko dawa itokanayo na bakteria, iitwayo Bt, ambayo huwaua viwavi walao majani na kuwaacha askari wengi. Pareto yetu huisha nguvu upesi kwa jua. Lakini ikiwa mbichi huua hata rafiki, kwa hiyo itumiwe jioni, nyuki wakiisha kulala.

Sisemi ya kuwa njia hii ni nyepesi. Askari hawa ni wapole wa mwendo, na yako maradhi ya mimea wasiyoyaweza kabisa. Yataka subira na macho.

Tena yataka umoja, na ndiyo sababu nimelileta neno hili mbele ya chama. Mdudu hajui mpaka wa shamba. Nikiwatunza askari wangu, na jirani akanyunyiza sumu kali kila juma, wake watakufa na wangu pia. Naomba mkutano huu uwachague wanachama wachache katika kila mtaa, wafundishwe na Bwana Shamba kuwatambua wadudu hawa, ili mtu awaulize wao kabla hajachukua bomba mgongoni.

Wazee walituachia ardhi yenye walinzi wake. Tusiwarithishe watoto wetu ardhi isiyo na mlinzi ila chupa ya sumu.