Vitu na Majina Yake: Makumbusho na Magofu ya Lamu hadi Mpakani



Pwani ya kaskazini ya Kenya, kuanzia kisiwa cha Lamu hadi mji wa Kiunga ulio karibu na mpaka wa Somalia, ina utajiri mkubwa wa makumbusho na magofu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wanaoizuru sehemu hii huelezwa habari za mawe, chokaa, milango iliyonakshiwa na makaburi yenye nguzo. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba vitu hivyo ni nusu tu ya urithi wenyewe. Nusu ya pili ni majina yake katika lahaja za mahali, na nusu hiyo inapotea upesi kuliko mawe.

Inafaa kuanzia katika Makumbusho ya Lamu, yaliyo ukingoni mwa bahari katika jengo lililowahi kuwa makazi ya maofisa wa Kiingereza. Miongoni mwa hazina zake mashuhuri ni siwa mbili: siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba. Mtu asiyejua lugha ataona vyombo viwili vya kupulizwa, na huenda akaviita pembe au baragumu. Lakini Kiswahili kimetenga. Mbiu ni pembe ya mnyama inayotumika kuwakusanya watu ili watangaziwe jambo, na ndiyo maana wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siwa ni alama ya mamlaka. Ilipulizwa katika sherehe za watawala na za koo zenye hadhi, wala haikuwa ya kila mtu. Kibao cha maelezo kikiandika "pembe la kupuliza", umbo litakuwa limeelezwa na cheo kitakuwa kimefutwa.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika Nyumba ya Makumbusho ya Waswahili, nyumba ya mawe ya kale iliyofanyiwa ukarabati ili ionyeshe maisha ya ukoo wa waungwana. Mgeni huanzia kwenye daka, ambapo wapita njia husalimiana na mwenye nyumba huzungumza na watu wasiohitaji kuingia. Hupita tekani, akafika kiwandani, yaani uani, palipo wazi juu. Kutoka hapo huingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na mwisho nyumba ya kati, iliyohusishwa na shughuli nzito za ukoo kama vile uzazi na kuosha maiti. Katika ukuta wa ndani hupangwa zidaka, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya thamani.

Mwanaisimu ataona mara moja kwamba tini ni chini na yuu ni juu ya Kiswahili sanifu. Kiamu kimebakiza sauti t ya zamani mahali ambapo Kiunguja kina ch, kama inavyodhihirika pia katika nti na nchi. Ataona vilevile kwamba zidaka ni vidaka, kwa kuwa Kiamu hutumia kiambishi zi- penye vi-. Hata hivyo, majina haya yana faida zaidi ya fonolojia. Misana hiyo miwili imo katika orofa moja. Sakafu hupanda kwa kidato kimoja kadiri mtu anavyosogea ndani, na kila kidato humtenga zaidi mgeni na wenye nyumba. Kwa hiyo tini na yuu, pamoja na kupima kimo cha sakafu, hupima pia kiasi cha faragha na heshima. Anayezifasiri sehemu hizo kuwa "sebule ya kwanza" na "sebule ya pili" hupata hesabu ya vyumba na kukosa mpango wa jamii iliyovijenga.

Ngome ya Lamu nayo inafunza jambo jingine. Ujenzi wake ulikamilika takriban mwaka 1821, baada ya Vita vya Shela, ambavyo Waamu waliwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa kisha wakaomba himaya ya Sultani wa Oman. Serikali ya kikoloni iliigeuza kuwa gereza, na ikaendelea kuwa gereza hadi mwaka 1984, kabla ya kuwa makumbusho. Hatua chache kutoka hapo yapo makumbusho ya Posta ya Wajerumani, ofisi iliyofunguliwa mwaka 1888 na kufungwa mwaka 1891 kwa ajili ya mawasiliano na himaya yao ya Witu. Ni jambo jema kuihifadhi historia hiyo. Lakini ikiwa shughuli ya wageni isiyofikia miaka mitatu imestahili nyumba yake, linazuka swali: tungo za Pate, Siyu na Lamu, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, zinastahili nafasi ya ukubwa gani?

Swali hilo si la kujifaragua. Ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, katika kisiwa cha Pate, magofu ya mji wa Pate hayaelezeki vema bila Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaotafakari kuanguka kwa majumba hayohayo na wenyewe. Siyu ina ngome yake, na pia kumbukumbu ya Bwana Mataka, ambaye mkewe, Mwana Kupona binti Msham, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Anayesimama mbele ya kuta hizo akiwa na vipimo vya mwanaakiolojia pekee atajua unene wa ukuta. Akiwa na utenzi pia, atajua waliokaa humo waliogopa nini na walitumaini nini.

Magofu ya Takwa, katika kisiwa cha Manda, yanathibitisha kwamba mahama yanaweza kuwa hai. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na kaburi lake lenye nguzo lina maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani karibu na 1683 Miladia. Watu wa Shela hulihesabu gofu hilo kuwa la wazee wao, na wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Katika Kiswahili, kitenzi kuzuru kinamchukua mtalii mwenye kamera na Mshela mwenye dua, ingawa nia zao ni mbalimbali. Makumbusho yanayomtambua wa kwanza na kumsahau wa pili yatakuwa yamelitunza kaburi na kuipoteza ziara.

Hali ni nzito zaidi kuelekea mpakani. Hadi mwaka 1925, Kismayu na nchi ya Juba zilikuwa chini ya Uingereza. Zilipokabidhiwa Italia, Wabajuni walijikuta pande mbili za mstari uliochorwa bila wao, ilhali visiwa vyao, makaburi yao na lahaja yao ni vilevile. Mbele ya Kismayu ipo Barawa, wanakozungumza Chimwini, lahaja ambayo hata jina lake linatangaza tofauti yake, kwa kuwa penye ki- pana chi-. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabarawa na Wabajuni wengi hadi Mombasa, Uingereza na Marekani. Kisha, baada ya utekaji nyara wa wageni katika visiwa vya Lamu mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, safari za watafiti na wageni upande wa Kiunga na Ishakani zikawa ngumu. Gofu linaweza kumngoja mtafiti miaka 20. Mzee ajuaye majina ya sehemu za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba, hawezi.

Huenda ikadaiwa kwamba maelezo ya makumbusho yaandikwe kwa Kiswahili sanifu ili yaeleweke kwa wote. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayetaka kuwafungia mlango wageni. Lakini usanifu uliokubaliwa Mombasa mwaka 1928, kwa msingi wa Kiunguja, ulikusudiwa kuwapa watu wa nchi mbalimbali lugha moja ya shule na vitabu. Haukuamuru daka la Lamu liitwe baraza. Kibao kimoja kinatosha kubeba jina la mahali kwanza, kisha ufafanuzi kwa Kiswahili sanifu, kisha tafsiri kwa lugha za kigeni.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika umeitambua lugha kuwa chombo kinachobeba urithi huo. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya vyuo pia, na si ya wahifadhi wa majengo peke yao. Wanafunzi wa isimu wanaweza kukaa na mafundi wa nakshi, washonaji wa matanga na bibi waliolelewa katika nyumba hizo, wakarekodi majina, matamshi na matumizi, huko Lamu, Faza na Siyu, na pia miongoni mwa Wabajuni na Wabarawa walioko ugenini. Nyumba nyingi za mawe zimekwisha kuuzwa na kugeuzwa za kulala wageni. Kuta zake zitapakwa chokaa upya na kudumu. Asipokuwapo wa kuliita daka kwa jina lake, litabaki kuwa mahali pa kuvulia viatu.