Doa la Petroli Kwenye Bawa

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba uniwie radhi. Sitazungumzia bei ya unga, wala foleni za magari, wala umeme. Nitazungumzia kitu ambacho wengine watakiita cha kuchezea watoto: ndege ndogo ya plastiki ambayo mimi, mtu mzima mwenye mvi na ada za shule za kulipa, nimeiunganisha mezani kwangu kwa muda wa miezi minne, kila usiku nikitoka kazini. Mama watoto amekwisha kusema kwamba afadhali ningekuwa mlevi, maana walevi angalau huwa na wenzao wa kukaa nao.

Ndege yenyewe ni Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza iliyobuniwa na Sydney Camm na kuruka kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1935. Zilitengenezwa zaidi ya 14,000. Ilibeba mtu mmoja, ilikuwa na injini moja puani, na zile za mwanzo zilikuwa na bunduki nane za rashasha mabawani. Watu wengi wanaifahamu zaidi Spitfire, ambayo ilikuwa na umbo la kupendeza. Lakini katika mapambano ya anga ya Uingereza mwaka 1940, Hurricane ndizo zilizokuwa nyingi zaidi, na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani.

Ndege hiyo ilifika hata huku kwetu. Mwaka 1940 na 1941 Kikosi cha Tatu cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini kilirusha Hurricane kutoka Kenya, kikipambana na Waitaliano waliokuwa wameshika Somalia na Ethiopia. Hiyo ndiyo niliyotaka kuitengeneza, na sababu yake nitaieleza baadaye.

Kisanduku nililetewa na shemeji yangu anayeishi Uingereza. Kipimo chake ni moja kwa 48. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 12 na ushei kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Ya kwangu ina sentimita 25, inakaa juu ya sahani ya wali. Vipande ni zaidi ya mia. Unavikata kwa kiwembe, unasugua kingo kwa msasa, unabandika kwa gundi, unaziba nyufa, unapaka rangi ya kahawia ya udongo na kijani, zile rangi za kuficha zilizokuwa zikitoka nazo viwandani. Alama za duara za mabawani ni stika nyembamba ambazo hulowekwa majini kwanza, kisha zinatelezeshwa mahali pake. Ukipiga chafya, umepoteza jeshi zima.

Baada ya wiki kumi ndege ilikuwa tayari, inang'aa kama gari la bwana harusi. Nikaitazama, nikaona kuna kitu kimekosekana. Ilikuwa ndege ambayo haijawahi kwenda mahali popote. Ndege ya vita hulala nje juani, hukanyagwa na mafundi, huvuja mafuta, hutema moshi, hupigwa na mchanga. Wenye fani hii, wakimaliza kuipaka rangi, huanza kazi ya pili ambayo ni kuichakaza. Nami nilikuwa sijui pa kuanzia.

Basi nikaiweka kwenye boksi la viatu, nikaenda nayo kwa fundi rangi wa gereji iliyoko mtaani kwetu. Akacheka mpaka akakaa chini juu ya tairi.

"Mzee," akasema, "wateja wananilipa niwatolee mikwaruzo, wewe unataka nikufundishe kuitia? Lete gari lako nikutilie bure."

Alipomaliza kucheka akafuta mikono, akaichukua ndege kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akanivuta mpaka kwenye pikapu moja kuukuu iliyokuwa ikisubiri zamu yake.

"Kitu hakichakai ovyo, mzee. Tazama hii. Rangi imekwisha wapi? Hapa chini ya kitasa, kwa sababu ya pete na kucha. Hapa dereva anapokanyaga akipanda. Kule nyuma moshi unapotokea. Juu ya paa hamna mkwaruzo, kuna jua tu. Kila doa lina mwenyewe."

Ndugu msikilizaji, nina diploma ya uandishi wa habari, lakini somo hilo sikulipata darasani. Nilirudi nyumbani nikaanza kuiuliza ndege yangu: doa hili ni la nani?

Moshi ni wa injini. Nikasaga chaki nyeusi na ya kahawia ikawa unga, nikaupaka kwa brashi laini kuanzia kwenye matundu ya moshi kuelekea nyuma, ukififia kadiri unavyokwenda, kwa maana upepo ndio uliouchora. Masizi yaliyo chini ya mabawa ni ya bunduki. Midomo ya bunduki ilizibwa kwa vipande vya kitambaa chekundu ili vumbi na unyevu visiingie. Risasi za kwanza zilivitoboa, na baada ya hapo moshi wa baruti ukaacha michirizi nyuma yake. Sehemu iliyoparuzika kwenye mzizi wa bawa la kushoto ni ya rubani na mafundi wake, kwani upande huo ndio waliopandia. Hapo nilichovya kipande cha sponji kwenye rangi ya fedha, nikakikausha kidogo, nikagusagusa, na bati likaonekana limechungulia chini ya rangi. Vumbi ni la kaskazini ya Kenya. Nalo nililifanya kwa chaki, jekundu, nikalijaza zaidi tumboni na mkiani ambako pangaboi lilikuwa likilirusha.

Hapo nikanogewa. Sponji ikawa tamu. Nikaendelea na mikwaruzo ya fedha ubavuni hadi mkiani, ndege ikaonekana imepigana vita vitatu. Nikalala nimeridhika.

Kesho yake, nikisoma, nikakuta kwamba Hurricane haikuwa na bati sehemu ya nyuma. Kiunzi chake cha nyuma kilikuwa cha mabomba ya chuma na aluminiamu na fito za mbao, kikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Kitambaa kikiparuzika hakitoi fedha. Kinachanika, na fundi anakitia kiraka. Mikwaruzo yangu yote ya mkiani ilikuwa uongo. Ilipendeza, lakini haikuwa na mwenyewe. Ikanibidi nirudie kupaka rangi upande mzima, siku tatu.

Sisi wa vyombo vya habari tunaijua dhambi hiyo. Watu hutuonya tusisafishe mambo yaliyo machafu, nao wana haki. Lakini kulichafua jambo ovyo ili lionekane la kweli ni uongo uleule uliovaa nguo nyingine.

Sasa nifikie sababu yangu. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa askari wa keya. Alichukuliwa kijijini akiwa kijana, akapelekwa Kenya, na kutoka huko akaenda na jeshi lililoingia Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Nilipokuwa mdogo, wakati wa kiangazi akivua shati, nilikuwa naona kwenye bega lake la kulia kiraka cha ngozi kilichokuwa laini na cheupe kuliko mwili wake wote. Nikamwuliza kama ni risasi. Akasema, "Risasi gani? Hiyo ni petroli."

Akanieleza kwamba kabla ya kuvuka mpaka walilinda uwanja wa ndege porini, na kazi ya ulinzi ikageuka kuwa kazi ya ukuli. Petroli ya ndege ililetwa katika madebe. Wazee wanalijua debe lile: galoni nne, lita 18 hivi, bati jembamba. Katika vita vile madebe hayo yalikuwa na sifa mbaya ya kuvuja, kwani yalipondeka njiani juu ya malori. Babu na wenzake waliyabeba begani kutoka kwenye lori hadi kwenye ndege, na kila lilipovuja lilimwagika begani, juani, siku baada ya siku, hadi ngozi ikababuka. Ndege, alisema, ilikunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Nimepiga hesabu: Hurricane ilikuwa na matangi mawili kwenye mizizi ya mabawa na moja mbele ya rubani, jumla lita 400 na ushei. Hayo ni madebe zaidi ya 20 kwa ndege moja.

Nilimwuliza ilikuwa ndege gani. Hakujua jina. Alisema ilikuwa na bawa moja kila upande, si yale ya kupandana ghorofa, na ndani alikaa mtu mmoja tu. Kwa hayo mawili nimeamini kwamba ilikuwa Hurricane.

Rubani wa kikosi kile vitabu vinamjua. Vinatueleza kwamba Machi 15, 1941, Kapteni John Frost alitunguliwa alipokuwa akishambulia uwanja wa Diredawa, Ethiopia, na mwenzake, Luteni Kershaw, akatua palepale chini ya macho ya adui, wakapakatana katika kiti kimoja cha mtu mmoja, wakaruka wakarudi salama. Kershaw alipewa nishani kubwa. Frost naye alipotea katika jangwa la Libya mwezi Juni 1942, hakuonekana tena. Ni kisa cha ushujaa mkubwa, nami sina neno la kukipunguza. Lakini ndege iliyotua Diredawa ilikuwa imejazwa mafuta na mikono ya watu. Mikono hiyo vitabu nilivyosoma havina majina yake.

Na mimi je? Mwaka 2003 nilikuwa mwandishi mchanga, nimekabidhiwa kinasa sauti kipya cha kaseti. Nilikwenda kijijini kwa siku mbili. Babu alikuwa mzee sana lakini akili yake ilikuwa kamili. Jioni akaanza mwenyewe habari za vita. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya mkoba, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nikamwambia, "Babu, hii nitakuja kuirekodi vizuri safari ijayo," kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na betri za mkutano wa waziri siku ya Jumatatu. Akasema, "Haya, mjukuu wangu."

Waziri nilimrekodi dakika 40. Sikumbuki hata neno moja alilosema. Babu alifariki mwaka 2004 kabla ya safari ijayo.

Doa la mwisho nililoliweka kwenye ndege ni la petroli. Unachukua rangi ya mafuta ya kahawia, unaizimua kwa tapentaini mpaka inakuwa kama chai ya rangi, unadondosha tone moja kwa ncha ya brashi karibu na kifuniko cha tangi juu ya mzizi wa bawa, kisha unaliacha lichirizike kuelekea nyuma. Halizidi urefu wa punje ya mchele. Mkono wangu ulitetemeka, nikasubiri mpaka ukatulia.

Asubuhi binti yangu wa darasa la sita akaja kuitazama. Akasema, "Baba, hapa umechafua."

Nikamwambia hapana, hapo ndipo babu yangu alipomwaga petroli.

Akainama akaangalia kwa muda. Kisha akauliza kama binti wa mwandishi wa habari: "Uwanja wenyewe uliitwaje? Namba yake ya jeshi ilikuwa ngapi? Na hao wenzake waliobeba naye walikuwa akina nani?"

Maswali matatu, na yote matatu sikuwa na jibu. Anayeyajua yuko chini ya mwembe kijijini, na mimi nilikuwa na kinasa sauti.

Ndugu msikilizaji, waliopigana vita ile ya dunia karibu wote wamekwisha kututoka. Lakini wapo waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ni mzee, na huenda ndiye huyo jirani yako anayeuza maji kwenye kona, au baba mkwe wako anayekaa kimya barazani. Wapo na waliopika, walioendesha malori, waliobeba majeruhi. Simu iliyomo mfukoni mwako inanasa sauti vizuri kuliko kinasa sauti nilichokuwa nacho mimi. Usimwulize juu ya ushujaa. Mwulize ulisimama wapi, ulibeba nini, nani alikuwa kushoto kwako. Na akianza mwenyewe kusimulia, usimwambie safari ijayo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi niliyekuwa nikizungumza nanyi. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.