Kitabu cha Jirani: Imani, Usomaji na Utamaduni kwa Mprotestanti wa Dar es Salaam

Utangulizi

Mhadhara huu unahusu mambo matatu ambayo katika maisha ya mjini hayatengani, yaani imani, vitabu na utamaduni, na unayatazama kupitia kwa Mprotestanti mpenda vitabu anayeishi, anayefanya kazi au anayeabudu katika eneo la Dar es Salaam linaloanzia ukingo wa bandari, Kivukoni na Posta, hadi Kariakoo. Uprotestanti hapa ni ule mkondo wa Ukristo uliotokana na Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 huko Ulaya, ambao nchini Tanzania unawajumuisha Walutheri, Wamoraviani, Waanglikana, Wapentekoste na wengineo. Utamaduni una maana pana ya lugha, fasihi, mavazi, adabu na desturi ambazo watu hurithishana na kushirikiana, hata wasipokubaliana katika mambo ya dini.

Hoja inayotetewa ni kwamba imani iliyojengwa juu ya haki ya kila muumini kujisomea Maandiko inambebesha muumini huyo wajibu wa kusoma pia kitabu cha jirani yake, na kukisoma kwa haki. Katika mji ambao Kanisa Kuu la Azania Front linatazamana na bandari, na misikiti ya Kitumbini na Mtoro inafikika kutoka hapo kwa miguu, wajibu huo ni jambo la kila siku.

Imani iliyozaliwa na kitabu

Martin Luther alichapisha tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, na Biblia nzima ikafuata mwaka 1534, kwa imani kwamba mkulima na fundi wana haki ya kulisikia na kulisoma Neno kwa lugha yao wenyewe. Hata hivyo, wengi wanaolikumbuka jambo hilo hulisahau lililofuata mwaka 1524, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kuanzisha maktaba nzuri, na akataja kwamba ndani ya maktaba hizo, mbali na Biblia, viwekwe vitabu vya lugha, vya washairi na wasemaji hodari hata kama waliviandika wapagani, vya sheria, vya tiba na vya historia. Kwake yeye, mtu asiyejua lugha na historia angeshindwa kuisoma Biblia yenyewe ipasavyo, wala asingeweza kuutumikia mji wake.

Urithi huo unaonekana wazi katika sharika za Dar es Salaam, usharika ukiwa ni jumuiya ya waumini wanaoabudu pamoja chini ya mchungaji wao. Kijana wa Kilutheri anayeandaliwa kwa kipaimara, yaani ibada ambamo anaikiri mwenyewe imani ya ubatizo wake, hujifunza Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo baada ya kila moja ya amri kumi na kila ombi la Sala ya Bwana huuliza maana yake na kutaka jibu. Siku ya Jumapili waumini huonekana wakielekea kanisani wakiwa na Biblia na kitabu cha nyimbo mkononi, na si ajabu kukuta Biblia hiyo imevishwa jalada la kitenge, imeandikwa jina la mwenyewe ukurasa wa kwanza, na katikati yake imehifadhi barua, picha na tarehe za kuzaliwa watoto. Udhaifu wa urithi huu ni kwamba katika nyumba nyingi kitabu hicho kinachopendwa kiasi hicho hukaa peke yake, bila kitabu kingine kando yake, kana kwamba Luther hakuwahi kuwaandikia madiwani.

Lugha iliyopokelewa kwa jirani

Mprotestanti wa Afrika Mashariki anapofungua Biblia ya Kiswahili, anafungua kazi ambayo Waislamu wa pwani walishiriki kuifanya iwezekane. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mueddin, aliyekuwa kadhi, yaani hakimu wa sheria ya Kiislamu. Huko Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, misheni ya Waanglikana waliopenda taratibu za ibada zilizokaribia zile za Kikatoliki, aliwasikiliza wenyeji wakisimulia ngano zao na kuzichapisha mwaka 1870, sambamba na kazi yake ya sarufi na ya kutafsiri Maandiko. Lugha waliyoikuta ilikuwa imekwisha kukomazwa na karne kadhaa za elimu ya chuoni, yaani madrasa, na za ushairi. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, ambao ni shairi refu la masimulizi, uliandikwa kwa hati za Kiarabu mwaka 1728, zaidi ya miaka 100 kabla ya Krapf kuteremka pwani.

Mfano mzuri kuliko yote wa deni hilo, na wa namna ya kulilipa, ni ule wa William Ernest Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Mombasa mwaka 1880. Alikwenda kuhubiri Injili, lakini aliketi miguuni pa Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Kiislamu wa Mombasa, wakakusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mwaka 1840 na ambaye tungo zake nyingi zilikuwa zimebaki vinywani mwa watu. Hati za Taylor zilihifadhiwa London, na kutokana na mkusanyiko huo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940. Ni haki kusema kwamba bila Mwislamu aliyeyakumbuka mashairi hayo na Mkristo aliyeyaandika, msomaji wa leo asingekuwa na Muyaka anayemjua.

Njia nyingine, ya kujitenga na deni hilo, ilijaribiwa pia. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, alitoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937 na kwa makusudi akapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, akiamini kwamba Mwafrika wa bara angeielewa vizuri zaidi Injili iliyovuliwa vazi la pwani. Kazi yake ilikuwa ya bidii na ilikuwa na wapenzi wake, lakini Biblia iliyokuja kuenea katika makanisa mengi ni ile ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo haikuona haya kutumia Kiswahili kama kilivyo. Waumini waliendelea kusali, kutubu na kushukuru kwa maneno yaleyale ambayo jirani yao Mwislamu huyatumia, na imani yao haikupungua chochote kwa kufanya hivyo.

Kurani mezani pa Mprotestanti

Jambo gumu zaidi ni kusoma kitabu kitakatifu cha jirani. Mwaka 1542 baraza la mji wa Basel lilimtia gerezani mchapaji Johannes Oporinus kwa sababu alikuwa akichapa tafsiri ya Kurani kwa Kilatini iliyohaririwa na Theodor Bibliander. Luther aliandika kuitetea kazi hiyo, na mwaka 1543 ikatoka. Nia yake ilikuwa kuupinga Uislamu, na hilo halifai kufichwa. Lakini alilikataa katakata wazo la kumlinda Mkristo kwa kumnyima kitabu.

Nia kama hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Tafsiri nzima ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili kuchapishwa ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, kasisi wa UMCA huko Unguja, ikiwa na maelezo yenye mwelekeo wa kuhojiana na Uislamu. Waislamu wa madhehebu ya Ahmadiyya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, walitoa tafsiri yao mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Kisunni kutoka Zanzibar, akatoa yake mwaka 1969, akiwajibu wote wawili. Ushindani huo uliacha matunda mema, kwani msomaji wa Kiswahili alipata maktaba ambayo vinginevyo angeisubiri kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kusoma kwa ajili ya kushinda kuna mipaka yake, na Dar es Salaam iliishuhudia katika miaka ya 1980 na 1990, wakati wa mihadhara ya mlingano wa dini, yaani mijadala ya hadharani ambamo wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi na wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa kunukuu Kurani, huku kanda za kaseti zikisambaa mitaani. Watu walisoma sana, tena kwa bidii ya kustaajabisha, lakini walisoma wakitafuta aya ya kumnyamazishia mwenzao, na aya iliyong'olewa katika mahali pake haiwezi kumfundisha mtu imani ya mwingine. Ghadhabu iliyobaki baada ya watu kutawanyika viwanjani ni ushahidi wa kutosha kwamba wingi wa kunukuu hauleti kujuana.

Usomaji wa mitaani

Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, inafundisha usomaji wa namna nyingine. Mwanamke anayechagua kanga dukani hukagua pindo, ambalo ni ukingo unaoizunguka, hutazama mji, yaani sehemu ya katikati, kisha husoma jina, yale maandishi yaliyo chini, na akiona jina lina kijembe kitakachomkwaza jirani huirudisha kanga hata kama rangi zake zimempendeza. Hapo kuna fasihi, na kuna maadili: msomaji anapima neno kwa kumfikiria atakayelisoma. Vivyo hivyo, Ijumaa adhuhuri ikifika, ni jambo la kawaida Mkristo kumwangalizia duka Mwislamu aliyekwenda kuswali, bila yeyote kati yao kuona kwamba imani yake imeguswa.

Heshima hiyo ya dukani ndiyo inayopaswa kuingia katika usomaji wa kanisani. Washairi Wakatoliki wamekwisha kuonyesha njia: Mathias Mnyampala alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963, na Mwalimu Julius Nyerere akachapisha Injili katika utenzi mwaka 1996, wote wakiiweka habari ya Kristo katika bahari ya ushairi iliyolelewa na Waislamu wa pwani. Waprotestanti, ambao ni hodari sana wa kwaya, bado wana deni kubwa katika fani hiyo.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaelekea kwenye wito ulio wazi. Kila usharika wa katikati ya jiji wenye ukumbi unaweza kutenga chumba kimoja kiwe maktaba, na humo, kando ya Biblia na vitabu vya ibada, viwekwe vitabu vya Muyaka, vya mshairi Shaaban Robert na vya Mnyampala, pamoja na tafsiri ya al-Farsy, na mafundisho ya kipaimara yawape vijana saa za kuvisoma wakiwa na mwalimu anayevijua. Wazazi nao wanunue walau kitabu kimoja cha kuwekwa kando ya Biblia ya nyumbani, iwe dukani au kwa wauzaji wa vitabu vilivyokwisha kutumika wanaovipanga kandokando ya barabara za Posta. Mkristo anayemsoma jirani yake kwa haki hapotezi imani. Anatii amri ya kumpenda, kwa maana hakuna ampendaye mtu asiyetaka kumjua.